Vivuli Nilivyokata

Mwende alikuja kwangu Jumamosi moja mchana, akaketi jikoni hata kabla sijamkaribisha, akaniuliza kama nina picha ya babake. Alikuwa anaolewa mwezi uliofuata, hapa hapa Kitengela, na siku hizi kwenye harusi zetu umeingia mtindo wa kumwekea mzazi aliyefariki kiti chake mstari wa mbele, na picha yake juu ya kiti. "Auntie, hata moja tu," akaniambia. "Hata kama ni blurry. Kuna jamaa hapo mbele anaweza kui-clean." Nilikuwa nakata sukuma wiki. Niliendelea kuikata ikawa nyembamba kuliko ninavyoipenda, kwa sababu nililijua jibu langu, na nilijua pia chanzo cha jibu hilo, ambacho sikuwa nimewahi kumwambia tangu azaliwe. "Sina," nikasema. Akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu asiyetaka kulia mbele ya shangazi yake. "Baba alikuwa photographer mzima, na hakuna picha yake hata moja. Hiyo si ni comedy?" Nikamwekea chai. Sikujua kitu kingine cha kumfanyia.

Si kwamba hatukutafuta. Mutua, kaka yangu, alifariki katika ajali kwenye barabara ya Namanga wakati Mwende yuko tumboni mwa mamake bado, na wiki ile ya matanga tulipekua kila mahali. Picha za shule zilikuwa zimeliwa na mchwa nyumbani Makueni. Kitambulisho chake kilirudishwa serikalini tulipochukua kibali cha mazishi, na hakuna aliyekumbuka kukitolea nakala kwanza. Mtu aliyefiwa hafikirii mambo ya fotokopi. Kamera ilipotea pale pale barabarani. Negativu zake zilikuwa kwenye katoni chini ya kitanda, na mvua ilipokuja, juu ya ule udongo mweusi wa Kitengela usiokubali kunywa maji, chumba kikafurika na negativu zikagandana kama chapati zilizopangwa zikiwa moto. Tukamzika chini ya msalaba wenye jina tu. Mkewe, Nduku, baadaye aliolewa na fundi mmoja wa Magadi, akahamia kwenye nyumba za kampuni ya magadi kule kwenye joto, na Mwende akakulia huko akiambiwa kila siku kwamba amefanana na mtu asiyemjua. Mmoja alimwambia ana masikio ya babake, mwingine mwendo, mwingine ule ukaidi. Mimi nilimwambia vidole. Nilisema vidole kwa sababu ndivyo nilivyovikumbuka vizuri zaidi, vikiwa vimeshika kamera.

Mwaka ule aliofariki Mutua nilikuwa nimemaliza Form Four na Mutua alinileta Kitengela kwa ahadi ya kunipeleka chuo nisomee kompyuta. Kitengela ya wakati huo ilikuwa vumbi na mawe ya machimbo, plot zilizozungushiwa seng'enge bila nyumba ndani, na nyumbu waliopita nyuma ya maduka kana kwamba wana shughuli mjini. Studio yake ya picha ilikuwa chumba kimoja cha mbele, na sisi watatu tulilala chumba cha nyuma, mimi upande mmoja wa pazia, Mutua na Nduku upande wa pili. Ukutani kwenye studio kulichorwa maporomoko ya maji, na juu yake ndege iliyoelekea mahali ambapo mchoraji hakuwa ameamua, kwa sababu ilikuwa na pua mbele na nyuma. Watu walikuja na nguo za kanisani wakasimama mbele ya maji hayo, lakini wengi walipenda kupigwa picha nje, na hasa Jumapili jioni baada ya ibada, wakiwa na familia nzima. Chuo hakikutajwa tena. Januari ikapita, Machi ikapita, na nikijaribu kuuliza, Mutua alinishika bega akasema, "Kazi ikichangamka, Mbithe. Ngoja ichangamke." Nilijifunza kulichukia neno hilo, na kidogo nikamchukia yeye, ingawa alikuwa ndiye aliyenilisha.

Mutua alikuwa na sheria moja tu ya picha: jua mgongoni. Alisema mtu akimulikwa usoni hata aliyechoka anaonekana ameshiba. Na wateja wetu nao walikuwa na sheria yao: viatu vionekane. Ukimpiga mtu picha ukaviacha viatu vyake nje, na ni vipya, anakurudishia picha na hakulipi. Basi weka pamoja jua la saa kumi na moja nyuma ya mpiga picha, na mteja aliyesimama mzima mpaka kwenye viatu, utapata kitu kimoja kila mara: kivuli cha Mutua kimelala chini, kikianzia ukingo wa picha na kunyooka kuelekea miguu ya watu, na kofia yake ile ya ukingo mpana, na viwiko viwili vilivyoinuka. Filamu ilipelekwa Nairobi kusafishwa na picha zilirudi Alhamisi, na kila Alhamisi malalamiko yalikuwa yale yale. "Huyu ni nani amelalia miguu yangu?" mama mmoja wa kwaya aliuliza, akiishika picha kwa ncha za vidole. Mwingine alisema hawezi kutundika sebuleni picha iliyoingiliwa na mtu asiye na uso. Ndipo nikapewa kazi. Nilikaa kwenye meza ya mbele na makasi na rula, nikakata sehemu ya chini ya kila picha, kutoka ukingo hadi karibu na viatu, na picha ikatoka safi, fupi kidogo, bila mgeni. Nilikuwa stadi. Niliweza kukata karibu na soli ya kiatu bila kuigusa, na wateja walinisifu mbele ya Mutua, naye alitabasamu tu akienda kuangalia kitu nje.

Vile vipande nilivitupa kwenye katoni, na jioni niliwashia jiko. Karatasi ya picha haiwaki vizuri. Inajikunja, inatoa moshi wenye harufu ya dawa, na Nduku, ambaye tayari alikuwa na mimba na hakuvumilia harufu yoyote, alinigombeza nikiwa nimeinama pale mlangoni. "Utatuua na hizo karatasi zako. Tumia gazeti kama watu." Lakini gazeti lilinunuliwa na vipande vilikuwa bure. Muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, unakaa motoni muda mrefu kabla ya kuiva, na nikipika nilichochea kwa kuongeza kivuli juu ya kivuli. Kuna siku niliona kofia ya Mutua ikijikunja kutoka ukingoni, ikawa kahawia, ikaisha, nami nikaongeza maji kwenye sufuria. Sikufikiria chochote. Hilo ndilo linaloniumiza nikilala siku hizi, kwamba wakati ule sikufikiria chochote, na tukala, na Mutua akasema muthokoi umeiva vizuri.

Ningeweza kujitetea kwamba nilikuwa msichana mdogo na sikujua. Lakini nilijua. Wakati wa baridi kali ya Julai niliwasikia ng'ambo ya pazia wakizungumza, wakidhani nimelala. "Mbithe amenimaliza," Mutua alisema, na sauti yake ilikuwa ya mzaha. Nduku akauliza, "Amekunyima nini?" "Ananikata. Kila Thursday ananikata, jioni nakuwa makaa." Wakacheka wote. Kisha Nduku akasema, "Si umwambie awache." Mutua akajigeuza kitandani. "Nimwambie nini? Customer hataki kulaliwa na mtu hajui. Mtoto anafanya kazi poa. Ni vile tu... mimi nikiona hiyo kivuli najua nilikuwa hapo. Sasa ikikatwa, picha ni kama ilijipiga." Nduku akamwambia anunue flash apige watu ndani kama wenzake. Akasema kazi ikichangamka. Nililala pale nikitazama mabati, na ilinichoma. Nilitaka niamke niseme kitu. Kesho yake nilikaa kwenye meza nikakata kama kawaida. Hapana, acha niseme kweli. Nilikata karibu zaidi na viatu. Alikuwa amenikatia chuo changu, nilijiambia, nami nina makasi. Mtu wa miaka kumi na tisa anaweza kuwa mkatili kwa rula na akaita hiyo kazi nzuri.

Mwezi wa Septemba tuliitwa Mashuuru. Mwanamke mmoja wa Kimaasai, Mama Naserian, aliyekuwa akija Kitengela kuuza shanga, alikuwa amejenga nyumba ya mabati, ya kwanza pale kwao, na alitaka picha akiwa amesimama mlangoni. Tulienda watatu, kwa sababu Nduku alikataa kubaki peke yake na tumbo lake. Tulifika mapema, lakini Mama Naserian akasema ng'ombe hawajarudi, na nyumba bila ng'ombe ni banda la watu maskini, tungoje. Tukangoja. Alitupa maziwa kwenye kibuyu, yenye ladha ya moshi, na Nduku akamaliza yake na yangu. Ng'ombe waliporudi jua lilikuwa chini kabisa. Mama Naserian akasimama mlangoni amejipanga na shanga zake zote, akataka nyumba yote iingie, na ng'ombe, na tangi la maji. Mutua akarudi nyuma, akarudi tena, akarudi mpaka akakaribia miiba ya boma. Nduku alikuwa kando yake amemshika mkono ili asijikwae. Mimi nilisimama upande wa pili na mfuko wa filamu. Mutua akabonyeza mara moja tu. Filamu ilikuwa chakula chetu, hakupoteza hata picha moja kwa ajili yetu, na siku ile hakuna aliyesema, hata mimi, "Mutua, leta kamera nikupige wewe na Nduku."

Alhamisi iliyofuata Mama Naserian alikuja mwenyewe Kitengela. "Takwenya," akanisalimu, nami nikajibu "Iko" kama nilivyofundishwa sokoni. Nilichomoa picha yake, nikaweka rula chini, nikafungua makasi. Mkono wake ukashika wangu. "Wewe, nini hiyo?" Nikamweleza kwamba chini kuna kivuli cha mpiga picha, nakiondoa. Akaniangalia kana kwamba nimemwambia nakata pindo la shuka yake. "Mimi nalipa karatasi yote. Dukani hata kitambaa hawakati bila kuuliza mimi. Wewe nakata karatasi yangu, napeleka wapi?" Nikamwambia hiyo sehemu ni mbaya, hakuna kitu hapo. "Wacha na hakuna kitu yake," akasema, akaichukua, akaifunga kwenye nailoni, akaificha kifuani. Mutua alikuwa mlangoni. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Umesikia customer, Mbithe?" Nilikasirika. Nilifikiri mwanamke yule hajui picha. Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza Mutua akafariki, nikarudi Makueni, baadaye nikahamia tena Kitengela, na hakuna siku niliyomkumbuka Mama Naserian, mpaka Mwende alipomaliza chai yake jikoni kwangu na kuinuka aende.

Nilimwita akiwa mlangoni. Sikumwambia kila kitu. Nilimwambia kuna mama mmoja Mashuuru, kama yuko hai, labda ana picha ambayo haina uso wa babake lakini ina kitu chake. Tulienda wiki iliyofuata kwa gari lake, tukapita Isinya, tukapita Kajiado mjini, tukapinda kushoto. Mwende aliongea njia nzima kuhusu keki na rangi ya mapazia, na mimi niliitikia. Barabara yenyewe sikuitambua. Niliuliza nyumba ya Mama Naserian kwa jina na kila mtu aliijua.

Alikuwa hai. Alikuwa amekonda na jicho moja limefumba, lakini alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya mlango ule ule, na mabati yalikuwa yameliwa na kutu. Mwende akainamisha kichwa, akaguswa utosini kama mtoto, na Mama Naserian akamwambia maneno ya Kimaa ambayo sikuyaelewa. Nikamweleza tulichokuja kutafuta. Bila kusita akamtuma mjukuu ndani, na picha ikaletwa ikiwa kwenye fremu ya mbao, nyuma ya kioo chenye ufa. Kulikuwa na nyumba mpya, na ng'ombe, na tangi, na mwanamke kijana amesimama akiwa amejaa fahari. Na chini, kwenye ile sehemu niliyosema haina kitu, kulikuwa na kofia, na viwiko viwili, na kifua kirefu cha kaka yangu kikivuka udongo wote hadi karibu na miguu ya mwanamke huyo. Nilikuwa sijaona umbo lake kwa miaka yote hiyo. Nikaketi chini pale pale.

"Ni yeye?" Mwende akauliza. Nikamwambia ni yeye. Akainamia kioo. "Na huyu wa mbali amebeba kitu ni nani?" Huyo ni mimi, nikasema, na mfuko wa filamu. "Na huyu?" Alikuwa anaonyesha kivuli cha tatu, kilichoshikana na cha Mutua mkononi, kilichosimama upande. Sikuwa nimewahi kukiona. Ile Alhamisi nilikuwa na haraka ya kukata. Nikamwambia ni mama yake, ndiye aliyekuja nasi siku ile. Mwende akaweka kidole juu ya kioo, akakipitisha polepole kwenye mgongo wa kivuli kile, kichwa, kifua, mpaka akafika kwenye tumbo, lililotokeza mbele kwenye udongo, duara kubwa, karibu liguse mkono wa Mutua. Kidole kikasimama pale. "Hii ni mimi," akasema. Mama Naserian, ambaye hakuelewa tunalilia nini, aliona ni vyema amalizie hadithi. Akaninyooshea fimbo yake. "Huyu ndio alitaka kukata. Alikuwa na makasi. Mimi nakataa."

Tulipoondoka, picha ilikuwa mapajani mwangu kwa mkopo, imefungwa kwa leso. Tulikuwa tumefika karibu na Isinya Mwende alipouliza, macho yake barabarani. "Auntie, ulikuwa unakata zote?" Nikamwambia zote. "Hizo vipande ulikuwa unapeleka wapi?" Nilifikiria kumwambia zilitupwa, au zilipotea kwenye mafuriko kama zile negativu. "Nilikuwa nawasha nazo jiko," nikasema. Akaendesha. Upepo ulikuwa unasukuma gari kutoka upande. Kwenye soko la Isinya akasimama akanunua hindi la kuchoma, akalivunja katikati, akanipa nusu iliyokuwa na punje nyingi, na hadi leo hatujazungumza tena jambo hilo. Sijui kama lile hindi lilikuwa msamaha. Nafikiri lilikuwa tu chakula, kwa sababu alikuwa binti wa watu wema na mimi nilikuwa sijala.

Siku ya harusi, kwenye kiti cha babake mstari wa mbele, kulikaa picha kubwa ya mwanamke wa Kimaasai na ng'ombe zake. Watu walipita wakainama, wakasimama, wakaulizana. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi akaniuliza kwa adabu kama bibi harusi ana asili ya Kimaasai. Nduku alikuwa amekuja kutoka Magadi amevaa kitenge cha kijani. Alifika kwenye kiti, akaitazama picha kwa muda mrefu, kisha akageuka upande, pale pale mbele ya watu, akashika tumbo lake ambalo halikuwa na kitu tena, akacheka na kulia kwa pamoja. Nilitaka kwenda kwake. Nikabaki nimekaa. Yeye ndiye aliyemwambia Mutua, ng'ambo ya pazia, aniambie niache, na ndiye aliyeuvuta ule moshi.

Saa kumi na moja walitoka kupigwa picha kwenye nyasi. Mpiga picha alikuwa kijana wa hapa, na kamera mbili shingoni, na jua likiwa mgongoni mwake. Mwende alisimama na mumewe, viatu vyao wote wawili vikionekana, na kivuli cha yule kijana kikanyooka kwenye nyasi, kichwa na viwiko, mpaka kwenye pindo la gauni. Kijana akakiona. "Sorry, sorry," akasema, akaanza kusogea kando ili kisiingie. Nilijikuta nimeinuka kwenye kiti changu, nimemshika shati kwa nyuma, na watu wote wakatugeukia.

"Rudi hapo ulikuwa," nikamwambia. "Rudi hapo hapo."